Gari Lilipotuharibikia Shimba Hills

Tulitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, akina mama wanne pamoja na watoto wetu, kwenda Kwale kumpiga picha palahala, mnyama ambaye humu nchini hapatikani porini ila katika hifadhi ya Shimba Hills. Tukiwa twapanda kilima, mshale wa joto ulifika mwisho, mvuke ukafuka, injini ikazima. Kando ya njia palikuwa na mavi mabichi ya ndovu.

Kosa lilikuwa letu: tulikagua betri za kamera, maji ya rejeta hatukuyatazama. Mmoja wetu alitaka kufungua kifuniko papo hapo. Mwenzake akamshika mkono, kwani maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Hatukushuka. Tuliwapigia simu askari wa hifadhi, tukangoja. Maji ya kunywa yalibaki chupa tatu: tuwape watoto au injini? Tukawapa watoto.

Askari walifika na mtungi kabla wakati wa adhuhuri haujatoka. Alhamdulillahi. Palahala hatukumwona. Ndugu zetu, tawakali huja baada ya kumfunga ngamia: kabla ya safari fungueni boneti, injini ikiwa baridi.