Kumfungulia Mgeni Lango la Kiwanja cha Gofu

Kiwanja cha gofu chenye mashimo 18 huhitaji takribani hekta 50 za ardhi, na mara nyingi zaidi ya hapo. Katika miji kama Arusha, Moshi na Morogoro, kiwanja cha gofu kimepakana na makazi ya watu, lakini wapo majirani wengi ambao hawajawahi kuvuka lango lake. Ada ya uanachama ni kizuizi kimoja, na bei ya vifaa ni cha pili. Cha tatu hakitajwi sana, nacho ni hofu ya kuaibika. Mgeni hajui avae nini, asimame wapi mwenzake anapopiga, wala afanye nini mpira unapopotelea nyasini huku kundi la nyuma likisubiri. Hurudi nyumbani akiamini kuwa mchezo huu una wenyewe.

Kanuni zenyewe ni laini kuliko inavyodhaniwa. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2019 yalipunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika tano hadi tatu, na yakahimiza aliye tayari apige bila kungoja zamu, mradi ni salama. Waandaaji wanaweza pia kuweka ukomo wa mikwaju kwa kila shimo. Anayeufikia huokota mpira wake na kuendelea na shimo linalofuata. Kwa anayeanza, ruhusa hiyo ina thamani kuliko somo zima la kushika fimbo.

Umbali nao hurekebishika kwa gharama ndogo. Shimo la mita 380 humchosha mtu ambaye mkwaju wake mzuri hufika mita 100. Alama mbili za rangi zikichomekwa mbele zaidi, mita 150 kutoka shimoni, shimo hilo hilo linamfaa, na hakuna kilichochimbwa. Mashimo tisa huchukua saa mbili hivi, muda ambao mfanyakazi anaweza kuupata jioni. Somo la kwanza, hata hivyo, lianzie shimoni kwenyewe: kusukuma mpira uingie ni jambo ambalo mtoto na bibi yake wanaweza kushindania siku ya kwanza, wakacheka. Kanuni zinaruhusu fimbo 14. Anayeanza zinamtosha tano, na stoo za klabu hazikosi za zamani za kuazimisha.

Mwalimu wa kumpokea mgeni huyo yupo tayari kiwanjani. Wabeba fimbo wanajua kila mwinuko na kila mtego wa mchanga, na baadhi yao ni wachezaji hodari, ingawa katika klabu nyingi nafasi yao ya kucheza ni siku moja tu kwa wiki. Kipato chao hutegemea idadi ya wachezaji; siku isiyo na wachezaji ni siku ya kukaa bure. Jioni moja ya wanaoanza, wakiwa wao ndio waelekezaji, ingewaongezea riziki. Walipwe, lakini, kujitolea kusiwe jina lingine la kufanya kazi bila ujira.

Langoni panatosha ubao mmoja wa Kiswahili unaotaja mavazi, bei, saa za wanaoanza na mtu wa kuulizwa. Shule na vikundi vya vijana vinavyotaka kutengewa muda viwasilishe maombi kwa uongozi wa kiwanja kupitia Afisa Michezo wa Halmashauri, vikieleza idadi ya washiriki, umri wao na msimamizi atakayeambatana nao.