Hiyo Siyo Presha ya Kushuka

"Daktari, nitumie nini ili presha yangu isiwe inashuka?"

Wiki iliyopita pekee nimeulizwa swali hili na watu wanne: wawili kliniki, mmoja msibani, na mmoja aliyenipigia simu saa saba za usiku akiwa ameshakunywa soda mbili na glasi ya maji ya chumvi. Kila mmoja nilimuuliza: ulipopima ilisoma ngapi? Watatu hawakuwa wamepima. Wa nne alipimwa dukani ikasoma 110 kwa 70, akaambiwa "iko chini, kunywa soda". 110 kwa 70 ni presha njema kabisa. Wanawake wengi vijana wanaishi na 100 kwa 60 maisha yao yote, wanalima, wanazaa na kubeba ndoo za maji, bila tatizo lolote.

Maelezo ya wote wanne yalifanana kama yametoka kinywa kimoja. Mtu amekaa tu, au yuko kwenye daladala, au ameshtuka usingizini. Ghafla moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, pumzi haishuki, jasho la baridi linamtoka, midomo na vidole vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, magoti hayana nguvu, na ndani anajua jambo moja tu: ninakufa. Jirani anakuja, anamwangalia, anasema huyu presha imeshuka, mleteeni soda. Nusu saa baadaye ametulia. Kuanzia siku hiyo anajihesabu kuwa mgonjwa wa presha ya kushuka, na ukoo mzima unamjua hivyo.

Hilo ni shambulio la hofu, na wakati linampiga presha yake haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda.

Nina mgonjwa mmoja, mama anayeuza vitenge Kariakoo (nimebadili mambo mawili matatu asitambulike). Siku ya kwanza alipokuja alifungua mkoba wake mezani kwangu ili nione namna anavyojitunza. Ndimu nne. Chumvi kwenye kipande cha nailoni kilichofungwa fundo. Chupa ndogo ya soda nyeusi. Mashine ya presha ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Kwa miaka miwili hakuwahi kutoka nyumbani bila vitu hivyo. Kivuko cha Kigamboni alishaacha kukipanda, kwa sababu katikati ya maji hakuna pa kushukia, kwa hiyo kila asubuhi alizunguka kwa Daraja la Nyerere, nauli mara mbili na muda mara mbili. Vipimo vya moyo alishafanya mara tatu, hospitali tatu tofauti, na vyote vikatoka safi. Kila majibu yalipotoka safi aliogopa zaidi, akiamini kwamba ugonjwa wake ni wa aina isiyoonekana.

Akiwa ananisimulia hayo, likamjia palepale. Alishika kifua, macho yakamtoka. "Daktari, inashuka, inashuka, nisaidie." Mkono mmoja ulikuwa tayari mkobani unatafuta ndimu. Nikamwomba muuguzi amfunge mashine yetu ya juu ya mkono. 152 kwa 94. Mapigo ya moyo 126 kwa dakika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, 99. Nikamgeuzia mashine.

"Mama, soma kwa sauti."

Akasoma. Akasoma tena. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa kama imepanda, mbona nasikia kizunguzungu?"

Laiti wagonjwa wangu wote wangeanza na swali hilo.

Mwili ulioshikwa na hofu unajiandaa kukimbia au kupigana. Moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa fupi fupi za juu ya kifua. Ukipumua hivyo huku umekaa kitini, hewa ya kaboni inatoka kwenye damu kupita kiasi. Damu ikipungukiwa hewa hiyo, mishipa ya ubongo inajibana kidogo, na hapo ndipo kizunguzungu kinapotokea, pamoja na ule ukungu machoni. Neva nazo zinakuwa nyepesi kusisimka: ganzi midomoni, sindano vidoleni, na kwa wengine vidole vinakakamaa vikashikana. Mtu anahisi hewa haimtoshi, anavuta zaidi, na huko kuvuta zaidi ndiko kunakomzidishia. Muda wote huo oksijeni yake imejaa tele, kama 99 ile ilivyoonyesha.

Siku nyingine nilimwomba mama huyo apumue kwa kasi kwa dakika moja, ametulia kitini, hana hofu yoyote. Dakika haijaisha akainua mkono: "Ndiyo hii. Ndiyo yenyewe." (Jaribio hili tunalifanya kliniki. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au mjamzito asijaribu nyumbani.) Mwanasaikolojia wa Uingereza, David M. Clark, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1986: kinacholikuza shambulio si dalili yenyewe, bali tafsiri ambayo mtu anaipa. Moyo ukidunda kwa nguvu ukasema "nimepanda ngazi", unatulia. Ukisema "nakufa", hofu inaongezeka, moyo unadunda zaidi, nawe unapata ushahidi mwingine kwamba unakufa.

Ndiyo maana pia mtu wa shambulio la hofu huhisi anazimia lakini kwa kawaida hazimii. Ili mtu azimie, presha lazima ianguke, na yake wakati huo iko juu. Tofauti ipo kwa wale wanaozimia wakiona damu au sindano. Miili yao hufanya kinyume, na hao tunawafundisha mengine.

Kosa la kuusingizia moyo lisiwatie watu aibu. Hata madaktari walilifanya. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake waliolalamika moyo kwenda mbio, kifua kuuma na kizunguzungu, huku mioyo yao ikionekana mizima. Hali hiyo akaiita moyo wenye kusisimka kwa urahisi. Ilichukua zaidi ya miaka mia hadi mashambulio ya hofu kutambuliwa rasmi kuwa ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1980.

Sasa soda. Watu huniambia, daktari, usibishe, soda inanisaidia, nimeona kwa macho yangu. Naamini umeona. Hebu hesabu dakika. Shambulio hufika kileleni kwa kawaida ndani ya dakika 10, kisha linaanza kuteremka lenyewe, maana mwili hauwezi kukaa kwenye mbio zile muda mrefu. Mtoto atumwe dukani, asubiri chenji, arudi, chupa ifunguliwe, unywe taratibu: robo saa imekwisha. Ungekunywa maji ya kawaida ungetulia. Usingekunywa chochote ungetulia. Soda imepewa sifa ya kazi ambayo mwili umeimaliza wenyewe. Tena ile nyeusi ina kafeini, na kafeini inauchochea moyo uleule unaokwenda mbio. Chumvi ndiyo inayonikera zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Glasi ya ndimu na chumvi, kwa jinsi ninavyoona watu wakiitengeneza, inaweza kumaliza kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Lingekuwa suala la soda tu nisingeandika. Imani hii inaua, kwa njia mbili ninazozijua kwa karibu.

Ya kwanza ni kwa wenye shinikizo la juu la damu kwelikweli. Mzee ana dawa zake za kila siku. Siku moja anapata shambulio la hofu, anasikia kizunguzungu, watu wanamwambia dawa zimeishusha mno. Anaziacha, anaongeza chumvi. Presha inapanda kimyakimya, maana presha ya kupanda mara nyingi haina dalili hata moja, na miezi michache baadaye analetwa na kiharusi, upande mmoja umekufa, maneno hayatoki. Nimekaa na familia za namna hiyo. Wote walikuwa na nia njema.

Ya pili ni kwa wale ambao presha imeshuka kweli. Hiyo ipo, na ni hatari: baada ya kutapika na kuharisha sana, kwenye maambukizi makali, au damu inapopotea. Binti ana maumivu ya tumbo, amepauka, akisimama anaanguka. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na damu inamwagikia tumboni. Huyo anahitaji chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, na badala yake amelazwa kwenye mkeka, ananyweshwa juisi ya ndimu kwa sababu shangazi yake naye huwa "inamshuka" na ndimu humsaidia. Presha iliyoshuka kweli ni dalili ya jambo fulani, na jambo hilo ndilo la kutafutwa hospitali. Chupa ya soda haiwezi kulitibu.

Kuna madhara ya tatu, hayaui, lakini yanakula maisha. Ni ule mkoba. Kila siku unayobeba ndimu unaufundisha ubongo wako kwamba umepona kwa sababu ya ndimu, na kwamba siku ukizisahau utakufa. Hofu haipati nafasi hata mara moja ya kupita peke yake ukaiona ikipita. Leo umeacha kivuko, kesho utaacha foleni ya benki, keshokutwa msikiti au kanisa, mwisho unaishi kati ya kitanda na mlango.

Wapo wanaoambiwa kwamba haya ni mambo ya majini. Hapo sitabishana na mtu imani yake. Dua isomwe, maombi yafanyike, mengi yanamtuliza mtu. Ila anayekutoza fedha ili akutoe kitu, akakukataza hospitali, huyo mwepuke.

Sasa cha kufanya. Pima mara moja, kwa ukamilifu, uache kurudia: presha ukiwa umetulia, kipimo cha umeme wa moyo, wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingo, ambayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio na mtetemeko. Nenda hospitali bila kusubiri kama kifua kinauma unapotembea au kupanda ngazi, maumivu yanaelekea mkononi au tayani, umezimia kweli, au ndiyo mara ya kwanza na umri umepita miaka 40. Mwenye kisukari anayejichoma insulini apime sukari kwanza. Ikiwa sukari ndiyo iliyoshuka, huyo soda inaweza kumwokoa.

Shambulio likija, usikimbie. Kaa au simama hapohapo ulipo. Toa pumzi nje polepole kuliko unavyoivuta: vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, mdomo umefumba wakati wa kuvuta. Kupumulia ndani ya mfuko wa nailoni, acha. Sema kwa jina: hii ni hofu, niliwahi kuipata, ilipita. Usipigane nayo ili iondoke sasa hivi. Iache ipande, ifike juu, ishuke. Kisha endelea na ulichokuwa unafanya, hata kama miguu bado inatetemeka.

Kati ya shambulio na shambulio: punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, acha mirungi, pombe isiwe dawa ya usingizi, tembea kwa miguu kila siku. Mahali ulipopahama parudie kidogo kidogo, kituo kimoja cha daladala leo, viwili wiki ijayo, bila ndimu. Mashine ya presha ibaki nyumbani. Mashambulio yakikupata mara kwa mara, tafuta tiba ya mazungumzo. Kwa wengi takriban vikao 12 hutosha. Dawa kama fluoxetine na sertraline zipo na zinasaidia, lakini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, siku za mwanzo zinaweza kukuongezea wasiwasi, na huendelea kutumiwa kwa miezi hata baada ya nafuu, kwa usimamizi wa daktari. Diazepam unayouziwa vidonge vitano vitano bila cheti inatuliza haraka na inakufunga haraka. Ukiiacha ghafla, hofu inarudi na nguvu mpya. Kama umeshaitumia kwa wiki nyingi, usiikate peke yako, njoo tuipunguze taratibu. Na kuja kwa daktari wa afya ya akili hakuna maana kwamba umepata kichaa. Mama wa vitenge alichelewa miaka miwili kwa kuogopa kuonwa kwenye benchi la kliniki yetu.

Neno langu la mwisho ni kwa ndugu na majirani, maana ninyi ndio mnaokimbia dukani. Mkimkuta mtu katika hali hiyo na mnajua ameshapimwa moyo ukaonekana mzima, msimzunguke watu kumi. Msimmwagie maji. Msimwambie aache kuogopa, angeweza angeshaacha. Mmoja akae naye, amwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hii ni hofu na itapita, apumue taratibu mbele yake ili amfuate, na aangalie saa. Akishatulia, muendelee na safari mliyokuwa nayo.