Tumbo joto kabla ya upasuaji wa kujifungua? Jaribu vidole vyako

Hujala kitu tangu usiku. Umevaa gauni la hospitali, mkono mmoja una sindano ya dripu, na fomu umeshatia sahihi. Kilichobaki ni kuitwa thieta. Moyo unadunda kama ngoma ya isukuti na viganja vimelowa jasho.

Kwanza, jua kwamba wewe si mwoga. Karibu kila mama anayengoja kujifungua kwa upasuaji hupatwa na tumbo joto. Hadithi za mtaani nazo huzidisha kiwewe: eti utasikia kisu, eti aliyepasuliwa hajazaa. Achana nazo. Aliyepasuliwa amezaa, basi.

Je, unaweza kufanya nini katika dakika hizo ndefu za kungoja? Kuna mbinu moja isiyohitaji hata shilingi: akupresha. Ni utaratibu wa kale kutoka Uchina wa kubonyeza sehemu fulani za mwili kwa vidole. Hakuna sindano wala dawa.

Anza na kifundo cha mkono usio na dripu. Geuza kiganja kitazame juu. Mwombe mwenzako aweke vidole vyake vitatu kuanzia kwenye mstari wa kifundo kuelekea kiwiko. Pale vinapoishia, katikati ya zile kano mbili, ndipo penyewe. Wachina hupaita Neiguan, yaani lango la ndani. Abonyeze kwa kidole gumba, kwa nguvu ya wastani isiyoumiza, dakika mbili au tatu hivi. Wewe vuta pumzi polepole kupitia puani, kisha uitoe taratibu zaidi kupitia mdomoni.

Kama uko peke yako, tumia nukta ya pili iliyo katikati ya nyusi. Ibonyeze polepole kwa kidole kimoja huku umefumba macho. Hiyo unaifikia hata ukiwa umelala.

Je, inafanya kazi kweli? Watafiti nchini Iran, miongoni mwa nchi nyingine, wamewajaribia kina mama wanaosubiri upasuaji, na baadhi ya tafiti zimeonyesha wasiwasi ukipungua. Hata hivyo, nyingi zilihusisha watu wachache, kwa hivyo usitarajie miujiza. Ushahidi ulio imara zaidi ni kwamba ile nukta ya kifundo cha mkono husaidia kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji.

Sasa, chunga video za simu. Zipo zinazokuhimiza ubonyeze kila mahali. Ukiwa mjamzito, usiguse nukta iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, wala ile ya upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Wataalamu wa akupresha huziepuka kwa wajawazito kwa kuwa zinaaminika kuchochea uchungu. Na kama unatokwa na damu, au daktari amesema upasuaji ni wa dharura, usipoteze hata dakika moja ukibonyeza. Vidole havichukui nafasi ya thieta.

Jambo kubwa zaidi ni hili: usimeze hofu yako. Mwambie nesi, "Sista, naogopa." Uliza utakachofanyiwa, maana mara nyingi kinachotisha ni kile usichokijua. Kwa kawaida utachomwa sindano ya ganzi mgongoni ukiwa umeketi na kujikunja. Miguu itakuwa mizito na yenye joto. Pazia litawekwa mbele yako usione kinachoendelea. Utahisi kuvutwavutwa na kusukumwa, lakini hupaswi kuhisi maumivu makali. Ukiyahisi, sema papo hapo. Daktari wa ganzi yuko karibu na kichwa chako kwa ajili hiyo. Mara nyingi mtoto hutoka katika dakika chache za mwanzo, na muda mwingi uliobaki ni wa kukushona.

Na wewe jamaa unayemsindikiza mkeo, usikae hapo ukichezea simu. Jifunzeni nukta hizi pamoja mkiwa nyumbani, wiki moja kabla, na mmuulize daktari siku ya kliniki kama ziko sawa kwenu. Siku ikifika, shika mkono wake, tafuta lile lango la ndani, ubonyeze. Huenda hofu isiishe yote, lakini hatakuwa akiingoja thieta peke yake.