Kisanduku Kipya na Vikongwe Viwili

Kamati ya klabu imekubali kununua kisambazi kipya cha Wi-Fi, na pesa zinatosha kimoja tu. Kile cha sebuleni na kile cha ghorofani ni vya zamani. Swali lililogawa kikao cha mwisho ni hili: tuvitupe, au vifanye kazi pamoja na mgeni wao? Wanaotaka vitupwe wanasema kifaa cha zamani huchelewesha mtandao mzima. Wamesema nusu ya kweli, na nusu hiyo inafaa kuelezwa, kwani pesa ni za ada zetu, na kinachokatikakatika ni mazungumzo ya video ya kila Jumatano na wazee wetu wa Mombasa na Unguja. Bibi anaanza kisa, picha inaganda, na ikirudi wenzake wameshacheka, sisi hatujui wamecheka nini.

Wi-Fi ni baraza. Katika chaneli moja husema mmoja kwa wakati, wengine wanangoja. Tatizo si umri wa msemaji, ni muda anaoshika zamu. Furushi la data la baiti 1,500 likirushwa kwa megabiti 54 kwa sekunde, kasi ya juu ya vifaa vya 802.11g vya mwaka 2003, hewa hushikwa kwa takriban robo ya milisekunde. Likirushwa kwa megabiti 1, kasi iliyorithiwa tangu 1997, hushikwa milisekunde 12. Simu mpya, pamoja na haraka zake zote, hungoja vilevile.

Lakini msemaji mzito akiwa na baraza lake mbali na letu, hatusumbui. Kisambazi cha zamani kilicho kwenye chaneli yake hakikipunguzii kasi kile kipya. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zinazopangwa bila kugongana ni tatu: 1, 6 na 11. Majirani nao wanazitumia, ndiyo maana kipya kiwekwe sebuleni, penye video, na simu zetu ziingie kwa gigahezi 5, penye nafasi zaidi. Zile kasi za megabiti 1 na 2 zizimwe kabisa. Sidhani kuna mwanachama mwenye kompyuta ya kuzihitaji.

Jina na nywila viwe vilevile kote, ila ulinzi ndio wenye mtego. WPA3 ilikuja 2018, na kikongwe hakiijui. Kipya kikikubali WPA3 pekee, simu inayopanda ngazi inaweza kukataliwa juu. Kiruhusu WPA2 na WPA3 pamoja. Na tukumbuke, simu ndiyo inayoamua ishikamane na kisambazi gani, na mara nyingi hung'ang'ania kile cha mwanzo hata kikiwa mbali. Nguvu ya kikongwe ipunguzwe, simu ikibanduke mapema. Anwani za mtandao zigawiwe na kifaa kimoja tu. Wakigawa wawili, simu hupotea njia.

Hata hivyo, si vyote viwili vya kubaki. Cha ghorofani mtengenezaji ameacha kukitolea masasisho. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef alipotangaza dosari ya WPA2 iitwayo KRACK, dawa ilikuwa masasisho ya programu. Kifaa kisichosasishwa tena hakina dawa ya dosari ijayo. Hicho kistaafu. Cha sebuleni bado kinasasishwa; kihamie ghorofani, wanakosoma watu watatu wanne wasiohitaji video.

Kiunganishwe kwa waya. Kikipokea kwa hewa na kurusha tena kwa hewa, kila neno litasemwa mara mbili barazani. Tunahitaji waya wa mita 20, na mtu anayejua kuupandisha ngazini bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Anayejiweza amwone katibu kabla ya Jumatano.