Karati ya Mwadui na karati ya Geita

Mwambie mnunuzi wa almasi pale Maganzo, wilayani Kishapu, kwamba una karati 2, naye ataelewa mara moja: una jiwe la miligramu 400. Kamwambie mnunuzi wa dhahabu mjini Geita maneno hayohayo, naye atakushangaa. Kwake yeye umesema kwamba katika kila gramu 12 za mzigo wako, dhahabu ni gramu 1 tu. Karati ya kwanza ni uzito. Ya pili ni usafi.

Je, wajua kwamba hata wenye Kiingereza chao hawakubaliani namna ya kuliandika neno hili? Waingereza huandika carat, herufi tano, kwa maana zote mbili. Wamarekani walibadili herufi ya kwanza: carat ya C wakaiachia vito, karat ya K wakaipa dhahabu. Kuna na caret, nalo la herufi tano, ambalo ni alama ya ^ anayoiweka mhariri mahali neno liliporukwa. Halafu kuna carrot ya herufi sita, yaani karoti. Yote manne hutamkwa sawa. Sisi karoti tumeitenga, lakini karati tumeiacha na maana zake mbili, tena katika mkoa kama Shinyanga wenye almasi Mwadui na dhahabu Kahama. Mchimbaji anayehama kutoka machimbo ya almasi kwenda ya dhahabu anahama na neno lilelile, na asipojua limegeuka maana, atakayefaidi ni mwenye mizani.

Asili ya maana zote mbili ni mbegu. Kandokando ya Bahari ya Mediterania huota mti wa karobu, wenye maganda marefu yaliyopinda. Wagiriki waliiita mbegu yake keration, yaani kijipembe. Waarabu wakasema qirat. Wafanyabiashara waliitumia kama jiwe la mizani, na hadi leo vitabu vingi vinasimulia kwamba ilichaguliwa kwa sababu kila mbegu ina uzito uleule. Si kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walizipima mbegu hizo wakakuta zinatofautiana kama mbegu za miti mingine tu. Walichogundua cha maana zaidi ni kwamba mtu akiambiwa azichague kwa macho zinazolingana, anaweza kuipunguza sana tofauti hiyo. Usahihi ulikuwa kwenye jicho la mpimaji.

Karati ya uzito ilikuwa ikitofautiana kutoka mji hadi mji, mpaka mwaka 1907 ulipokubaliwa kimataifa uzito mmoja wa miligramu 200. Karati ya usafi ilipita njia nyingine. Sarafu ya dhahabu ya Warumi iliyoanzishwa na Mfalme Konstantino katika karne ya 4 ilikuwa na uzito wa mbegu 24, na hapo ndipo dhahabu tupu ilipopata namba yake, 24. Karati 18 ni mafungu 18 ya dhahabu kati ya 24, au sehemu 750 kwa 1,000. Ndiyo maana pete nyingine hupigwa muhuri wa 750, na ya karati 22 hupigwa 916. Misri, qirat iliingia hata mashambani: ni sehemu moja ya 24 ya kipimo chao cha ardhi, feddan.

Mwadui karati haiulizi usafi. Mgodi huo ulianza baada ya John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, kugundua mwamba wa kimbalaiti wenye almasi mwaka 1940. Oktoba 1947 likapatikana hapo jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Tafsiri hesabu hiyo kwa gramu: hazifiki hata 11. Williamson alimzawadia jiwe hilo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Lilipokatwa na kung'arishwa likabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito ilipotea kwenye kukata, na bado ni miongoni mwa almasi za waridi mashuhuri zaidi duniani. Almasi ndogo huhesabiwa kwa pointi, 100 katika karati moja, kila pointi miligramu 2.

Kwenye dhahabu, uzito ni mwanzo tu wa mazungumzo. Mawe yamesagwa kwenye karasha, mchanga umeoshwa mwaloni, zebaki imekusanya chembe na kuchomwa. Kinachobaki bado kina fedha ndani yake, maana dhahabu ya ardhini karibu daima huja na fedha, na kama moto haukutosha kina mabaki ya zebaki pia. Mnunuzi akiiyeyusha upya uzito unapungua, na mchimbaji asiyejua sababu huondoka akiamini ameibiwa.

Karati yenyewe unaweza kuipima kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe sifuri. Funga kipande cha gramu 10 kwa uzi mwembamba, kizamishe kining'inie bila kugusa glasi, usome namba. Dhahabu tupu itaonyesha takriban gramu 0.52, kwa kuwa uzito wake ni mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule. Karati 22 itaonyesha 0.55. Ukisoma 0.63, na kilichochanganyika ni fedha, una karati 18. Lakini kipande kiwe kimeyeyushwa kwanza: dhahabu iliyotoka kuchomwa ina vishimo vinavyobana hewa, na kila kipovu kinakushushia karati.

Maji nayo yana mwisho wake. Tungsteni ina uzito karibu sawa kabisa na dhahabu, kwa hiyo kipande chenye tungsteni ndani kinaweza kupita mtihani huo. Mashine ya mionzi inayosoma madini nayo huona ngozi ya juu tu ya kipande. Mnunuzi makini akiwa na shaka hukikata kwanza, akapima ndani.