Wifi Anapotazama Masikio

Mama anayeuza mkaa chini ya ngazi zetu hapa Kyebando, Kampala, ni Mganda, na ni mtu wa kuchunguza. Juzi alinishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha soko la Kalerwe: "Maama, mbona mumeo ni Amooti, mwanao Amooti, na yule wifi yako aliyekuja Pasaka naye Amooti? Ndio ukoo wenu?"

Nikamwambia si ukoo. Akasema basi ni la dini. Nikamwambia wala. "Aa," akacheka, "kumbe la utani!"

Hapo nilihisi damu inanipanda. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mtooro wa magharibi mwa Uganda, na kwa miaka 12 nimelisikia hilo la utani mpaka limenichosha. Jina la utani lina kisa: mtu alianguka mtaroni, watu wakacheka, likamganda. La kudekeza nalo ni la nyumbani. Abdallah anakuwa Dula, Khadija anakuwa Dija, na Wakongo wa uani kwetu kitinda mimba wao wanamwita Kadogo, ingawa sasa anamzidi mama yake kimo. Lakini Amooti ni empaako ya Kitooro, na empaako haina kisa wala haifupishi kitu. Ni jina kamili, hutolewa kwa sherehe, tena huchaguliwa katika machache yanayojulikana: Abwoli, Abooki, Acaali, Acanga, Adyeri, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Ateenyi, Atwoki. Hayo ni 11, na mengi hubebwa na wanaume kwa wanawake. La 12, Okaali, ni la Omukama, mfalme; usije ukampa mwanao kwa kupendezwa na sauti yake.

Maana zake? Utaambiwa Ateenyi ni joka la mto Muziizi, Abwoli ni paka, Apuuli ni kitoto cha mbwa. Kisha mzee mwingine atakukatalia yote matatu. Ubishi hauishi kwa sababu maneno yenyewe si ya Kitooro. Yanasemwa kuwa yalikuja na Wababiito, watawala wenye asili ya Kiluo waliotoka kaskazini. Lugha yao ikamezwa, majina yakabaki. Mimi mwenyewe ni Abwoli. Siku mama mkwe aliponipa nilijifungia chooni nikalia, nikidhani ameniita paka mbele ya wageni. Kumbe nje walikuwa wananipigia vigelegele.

Lakini utamu wa empaako hauonekani mpaka ulitazame jina linalokaa ubavuni mwake. John Beattie, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Bunyoro miaka ya 1950, aliandika juu ya majina ya Wanyoro, ndugu wa Watooro, akaona mengi yanataja kifo, umaskini na chuki ya majirani. Chukua Tibesigwa: hawaaminiki. Akina nani hao? Majirani, mashemeji, walimwengu kwa jumla. Mtoto hajakaza shingo, tayari amebebeshwa kesi ya wazazi wake, na ataitwa hivyo shuleni na kazini mpaka kaburini. Mume wangu hapendi nikisema hivi, lakini naamini empaako ndiyo dawa ya jina hilo. Moja limebeba uchungu wa nyumba. Jingine halina kinyongo cha mtu yeyote, na ndilo utakaloitwa na wanaokupenda.

Mwanangu alipewa lake katika muzigo, chumba kimoja cha kupanga karibu na Kisalosalo, magari ya Northern Bypass yakivuma nje. Wifi alipanda basi kutoka Fort Portal na mfuko wa unga wa ulezi na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Basi zima lilinuka, alisema, na hakuna aliyenung'unika. Kwetu pwani shangazi ana heshima yake, ila sikuwa nimeona anapewa mtoto mchanga amsome kama barua. Alimpeleka mlangoni kwenye mwanga. Akamfunua kofia, akatazama paji la uso, akakunjua vidole kimoja kimoja, akamgeuza akatazama masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Sikio la kushoto lina ncha iliyojikunja kidogo. Akanyamaza. Kisha akamwita mama yake kwa sauti ambayo sijaisahau: "Ni la baba! Tazama, ni la baba!" Baba mkwe ni Amooti. Mzee wa ukoo, aliyekuwa amekaa kwenye kitanda chetu kwa kukosa kiti, akamtamkia mtoto: wewe ni Amooti. Tukala ulezi na nyama ile, watu 14 kwa zamu. Mti unaopaswa kupandwa kwa heshima ya mtoto tuliupanda kwenye kopo la rangi, maana uani kuna saruji tupu.



Kilichonigeuza kabisa ni matumizi ya empaako. Nilikulia mahali ambapo mke hamtaji mumewe kwa jina kavu. Ni "baba fulani" au "mwenzangu", na mtoto anayemtaja mzazi wake kwa jina hupigwa kibao. Hapa mwanangu wa miaka 4 anamwambia babu yake kwenye simu, "Amooti," na mzee anaitika "Amooti," na heshima haijapungua hata chembe. Wanaitana kama masomo, jinsi sisi wa pwani tunavyowaita wenye jina moja. Na kwa kuwa majina ni machache, Mtooro hakosi somo popote aendapo. Mgeni akikutana na mgeni, kabla ya kuulizana hali wanaulizana empaako. Nimeona wanaume wawili wakigombania nafasi ya kuegesha gari, mmoja akasikia lafudhi ya mwenzake, akauliza, "Empaako yaawe?" Ugomvi ukakosa pa kushika. Utamtukanaje mtu ukimwita Araali?

Mwaka 2013, mkutano wa UNESCO uliofanyika Baku, Azerbaijan, uliiweka empaako ya Watooro, Wanyoro, Watuku, Watagwenda na Wanyabindi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Baku ni mbali. Hapa Kyebando watoto wa Watooro wanazungumza Kiganda na Kiingereza. Ukimuuliza mmoja empaako yake anakutazama kama umemuuliza namba ya siri. Naseri moja fomu yao haikuwa na nafasi ya empaako, nikaiandika pembeni, mwalimu akaifuta. Na kuna mlokole, jamaa wa karibu, aliyeambiwa na mchungaji wake kwamba hayo ni majina ya mapepo. Sasa tukimwita Adyeri hageuki. Mama yake mzazi akimwita, hageuki. Mwanamke wa miaka 70 anasimama mlangoni anaita jina alilompa mwenyewe, na mtu mzima amekaa anatazama simu. Sijui ni pepo gani linaweza kufanya ubaya kuliko huo.

Haya yote nilimmwagia muuza mkaa, amesimama na kopo lake mkononi. Aliposikia habari ya masikio alishika la kwake. "Basi na mimi nipe," akasema.

Nikamwambia mimi ni mke tu niliyeletwa, sina mamlaka ya kugawa. Asubiri wifi aje Desemba amtazame. Amekubali kusubiri. Lakini tangu siku ile, akinipimia, ananiita Abwoli, na kopo linajaa mpaka vipande vinamwagika.