Zau: Hii Gemu Inakupea Life Ukikaa Chini Kuomboleza

Ingia base yoyote ya PS Kayole ama Umoja, ni FIFA tu, watu wanalipia mechi moja moja. Lakini msee wangu, umecheki Tales of Kenzera: Zau? Ilitoka Aprili 2024. Boss wake ni Abubakar Salim, actor wa Uingereza mwenye familia yake ni ya Kenya, ile sauti ya Bayek kwa Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza juu ya kupoteza buda yake.

Wewe ni Zau, mganga kijana. Umepiga dili na Kalunga, mungu wa kifo: mletee mizimu 3 wakubwa, akurudishie Baba. Uko na vinyago 2. Cha jua unachapa karibu na moto, cha mwezi unarusha kutoka mbali, na unabadilisha ukiwa bado hewani. Mafight zinarudiarudia, sitakudanganya.

Kenye kinashika ni mbuyu. Ukiupata, Zau anakaa chini anaongea vile anaumia, Kalunga kando yake, halafu life yako inaongezeka. Mtaani ukizika mzee unaambiwa tu ujikaze.

Iko na sauti ya Kiswahili, iweke hiyo. PS4 haiingii, tafuta PS5, Switch ama kompyuta.